Shombo la Nyangumi

Sparkbrook, Birmingham
Agosti, 2007

Mama yangu,

Ungekuwa hai, barua hii ingeanza kama ulivyotufundisha: sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako. Sasa sijui nianzeje. Wasiwasi juu yako sina, maana huko uliko hakuna baridi ya Birmingham wala ngazi za kupanda na goti bovu. Mjomba Sefu anasema maiti haandikiwi barua, anaombewa dua. Nimemwambia dua nimesoma, na hitima tumekusomea, watu wakala biriani mpaka wakalegeza mikanda. Hii ni ya porojo. Na wewe ukipenda porojo kuliko biriani.

Kwanza habari za nyumbani, najua ungeniuliza hizo kabla ya zote. Nimehamia kwako. Ile fleti ya Newtown nimeirudisha, na lifti yao mbovu wamebaki nayo wenyewe. Mjukuu wako Salma analala kitandani kwako na amekataa nibadilishe shuka la maua. Ametimiza miaka saba. Bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kama alivyokuwa akikufanyia wewe, na mimi kama wewe najifanya sisikii mpaka achoke. Mchaichai wako wa kwenye ndoo uko hai, jirani anaomba majani yake kila Ijumaa. Jikoni sijagusa kitu. Hata ile picha iko pale pale chini ya nailoni ya meza: mkia wa nyangumi, ulioukata kwenye kitabu cha matangazo ya safari za meli, kile ulichochukua kwenye duka la tiketi la Stratford Road.

Ni juu ya hiyo picha nakuandikia, Mama.

Hadithi yako naijua kwa ghibu. Ulikuwa na miaka saba. Mlikuwa mnakwenda Pemba kwa msimu wa karafuu, wewe, Bibi na Mjomba Sefu, ambaye alikuwa na miaka kumi na moja na ndiye aliyeambiwa akutazame. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, kichefuchefu kimemshika tangu meli ilipong'oa nanga. Wewe ukasimama peke yako kwenye vyuma vya ubavuni, asubuhi, na bahari ikafunguka, akatoka. Mgongo kama paa la bati lililolowa mvua. Akapumua, fyuu, maji yakaruka juu, na hapo ndipo ulipokuwa ukituinulia kidole: "Akanuka." Shombo, ulikuwa ukisema, lakini si la samaki wa sokoni. Shombo la moto, kama sufuria ya mchuzi wa papa iliyosahauliwa siku tatu kisha mtu akaifunua usoni kwako. Halafu akainua mkia, akazama.

Kwenye hiyo harufu ndipo watu walipokuwa wakivunjika mbavu. Nyangumi tungeweza kukupa, bahari ya Pemba ina kina. Lakini nyangumi anayenuka mdomo? Mjomba Sefu alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza. Alikuwa akisema yeye alikuwemo kwenye meli hiyo hiyo na hakuona hata dagaa. Kisha analeta methali yake, njia ya mwongo fupi, na wewe unamjibu kwamba kama ni fupi, mbona miaka hamsini hujafika mwisho wake. Ikawa ndio msemo wa ukoo mzima, tangu Unguja mpaka Stechford nyumbani kwa Mjomba. Mtu akija na habari kwamba ameona sokoni papai la ukubwa wa mtoto mchanga, anaambiwa hayo ya nyangumi. Baba yake Salma aliposema anakwenda mara moja na atarudi baada ya wiki mbili, wewe mwenyewe ulinong'ona, "Huyo ndiye nyangumi wenu. Wangu mimi alitokea."

Ila kuna kitu kimoja sikukielewa. Mjomba akizidisha, ulikuwa ukimtazama kwa upole kabisa na kumwuliza, "Kaka, nikuletee mtandio?" Basi. Ananyamaza papo hapo, anakoroga chai iliyokwisha korogeka. Sisi tulidhani ni habari ya baridi, kwamba mzee mifupa inamuuma. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza.

Nafika sasa pale panaponiuma, na nitapita haraka. Idi Kubwa yako ya mwisho nyumba ilijaa, wageni kutoka Leicester wamekaa mpaka kwenye ngazi. Ulikuwa unawasimulia. Umefika kwenye shombo, kidole kiko juu. Mimi nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, natoka jikoni na sinia, nikasema mbele ya watu wote, "Mama, basi, tumeuchoka uongo wako wa nyangumi." Sikusema "ya nyangumi", kama tunavyotaniana. Nilisema uongo. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kuokoa aibu. Ulikusanya visahani vya kaimati ukaingia jikoni, na nilipokufuata nilikukuta umesimama mezani, kiganja juu ya ile nailoni. Nikachukua sinia nyingine nikatoka. Nilisema moyoni nitakuomba radhi wageni wakiondoka, kisha nikasema kesho. Wiki tatu baadaye ulijilaza baada ya adhuhuri, hukuamka.

Kwenye droo yako nilikuta pasipoti mpya. Pasipoti, Mama, wewe uliyekuwa ukisema mwisho wako wa kusafiri ni Coventry. Ndipo nikajua kwamba hukuwa unamtania Mjomba ulipokuwa ukimwandama mwende Norwei kiangazi, kwa meli ya kile kitabu. Ulikuwa unataka asimame na wewe kwenye meli, amwone nyangumi kwa macho yake, basi mambo yaishe. Nikaamua nitampeleka mimi. Alikataa mara tatu. Mara baridi, mara choo cha melini, mara chakula cha Wazungu. Mara ya nne nilimwambia hili halikuwa wazo langu, lilikuwa lako. Akatazama treni ikipita pale stesheni ya Stechford mbele ya dirisha lake, kisha akauliza kama kwenye meli hiyo kuna mahali pa kusalia.

Tukaenda watatu, mimi, yeye na Salma. Basi kutoka Digbeth mpaka Newcastle, na hapo bandarini Mjomba akaishangaa meli, akahesabu ghorofa zake kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya. Alivaa koti la baridi juu ya kanzu, na kofia ya sufu juu ya kofia yake ya viua. Begi lake moja lilikuwa la nguo, la pili lilikuwa visheti, tende na chupa nne za achari. Nyama hatukuigusa. Tulikula samaki wao wa rangi ya waridi asubuhi, mchana na jioni, Mjomba akimpaka achari ya ndimu kila tonge. Mfilipino mmoja aliyekuwa akitupakulia aliomba aonje. Kuanzia siku hiyo alikuja na kijiko chake mwenyewe.

Na fiodi zenyewe, Mama, ambazo ulikuwa ukizitazama kwenye kitabu. Picha hazikukuambia kitu. Bahari imejipenyeza katikati ya milima kama uzi kwenye tundu la sindano, na lile limeli lote linapita humo humo, jabali huku na jabali kule, maji yanaporomoka kutoka kwenye theluji mpaka baharini. Ukitazama chini unaona kinyumba kimoja chekundu, peke yake, na nguo zimeanikwa. Nililia siku ya kwanza, kwa furaha tu, kama mjinga. Mjomba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema Subhanallah. Kisha akauliza, huyu mwenye nyumba akiishiwa chumvi anakwenda kwa nani? Siku nzima alikuwa akiishughulikia chumvi ya mtu yule.

Lakini kilichotuchekesha kuliko vyote ni kibla. Ile dira yake ndogo aliyotoka nayo Hija iliingiwa na wazimu kwenye chuma cha meli, mshale unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Ikabidi aende mapokezi kumwuliza mama mmoja wa Kinorwei Makka iko wapi. Yule mama, Mungu amjaze kheri, hakucheka. Alikwenda akauliza kwa wenye meli, na kila asubuhi akawa anatuandikia kikaratasi. Basi tukitandika miswala yetu kwenye sitaha ya chini, mahali penye kivuli kidogo na watu wachache. Tabu ni kwamba ndani ya fiodi meli haiendi moja kwa moja. Siku ya kwanza tulifunga swala tumeelekea Makka, tukatoa salamu tumeelekea maporomoko ya maji. Mjomba akasema haiwezekani, ndani ya chombo unageuka chombo kinapogeuka. Tangu hapo alikuwa akikitazama kivuli cha vyuma pale sakafuni: kikisogea naye anasogea, na mimi na Salma nyuma yake tunasogea, polepole, mikono kifuani. Bibi mmoja wa Kiingereza alimwuliza Salma kama hayo ni mazoezi ya viungo, na kama anaweza kujiunga.

Nyangumi sasa. Siku ya tatu walitangaza kwenye vipaza sauti, watu tukakimbia, kumbe gogo. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Hata Wazungu wana ya nyangumi," akasema. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya tano ukungu. Nikaanza kuingiwa na hofu, Mama, hofu ya kweli. Niliona nitarudi Sparkbrook mikono mitupu, na lile neno langu la Idi litabaki pale lilipo, na Mjomba atapata hadithi mpya ya kukuchekea: tulikwenda mpaka mwisho wa dunia tukaona gogo.

Siku ya sita meli ilitoka kwenye fiodi ikaingia bahari kuu, jua limewaka, maji yametulia. Tukashuka kusali adhuhuri, rakaa mbili tu kwa kuwa sisi wasafiri. Mjomba mbele, mimi na Salma nyuma. Ametoka tu kupiga takbira, vipaza sauti vikalia. Nyangumi, upande wa kushoto.

Nilisikia watu wanashuka ngazi mbio. Niliona miguu ya Salma inaondoka kwenye mswala, kiatu kimoja mkononi. Mjomba hakutikisika. Na mimi nikiwa nyuma ya imamu nitakwenda wapi? Mungu anisamehe, Alhamdu niliisoma lakini moyo haukuwepo. Meli ikaanza kugeuka ili watu waone vizuri. Kivuli kikasogea. Mjomba akasogea nacho, mimi nikasogea, na kila tulivyogeuka ndivyo tulivyozidi kuipa mgongo ile bahari ambayo kila mtu alikuwa akiitazama. Nyuma yetu watu wanapiga kelele za furaha, kamera zinalia. Nikasema moyoni, basi ndiyo imetoka hiyo. Tumesafiri siku sita tuje tumpe kisogo.

Tulikuwa kwenye rukuu ya pili. Nikasikia fyuu, karibu mno, na upepo ukaja kutoka nyuma. Ukanuka.

Mama. Shombo. Si la samaki wa sokoni. La moto, la siku tatu, limefunuliwa usoni kwangu. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini, sioni chochote isipokuwa visigino vya Mjomba na soksi zake za kijivu, na nikakuona wewe umeinua kidole. Nikaanza kulia pale pale. Tukainuka, nikaona mabega ya Mjomba yanatikisika. Tukasujudu, akakawia kwenye sijida ile, akakawia sana, mpaka nikadhani ameshikwa na kitu.

Alipotoa salamu hakukaa kuvuta uradi. Aliinuka na soksi zake akaenda mpaka kwenye vyuma, na nikamfuata. Alikuwa pale, Mama, karibu kuliko nilivyotegemea. Paa la bati lililolowa mvua. Akapumua mara nyingine, watu wakaziba pua wakicheka, kisha mgongo ukainama na mkia ukatoka wote, maji yanachuruzika, ukasimama kidogo, ukazama bila kelele. Salma akageuka akatuona. "Ananuka!" akasema. "Mama, ananuka, kama Bibi!" Alisema kwa Kiswahili. Nimefikiri sana kwa nini, na naona ni kwa sababu hadithi ile aliisikia kwa Kiswahili tu, kwako, hana lugha nyingine ya kuisemea. Kuhusu hilo la "kama Bibi", usikasirike, alikusudia kama Bibi alivyosema.

Watu walipotawanyika Mjomba alibaki ameshika vyuma. Nilijua ana neno. Alikuwa anatetemeka, na sitaha ilikuwa baridi, na alikuwa hana viatu.

"Nilimwona, Rukia," akasema. "Siku ile. Nilimwona kabla ya mama yako."

Kisha akanieleza yote, bila kunitazama. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye vyuma kwanza. Bahari ilipofunguka na kile kitu kikapumua, alikimbia, akajificha nyuma ya pipa la maji, akalia, na akajikojolea. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja, aliyepewa kazi ya kutazama mdogo wake. Wewe ulimtazama nyangumi mpaka mwisho, ndipo ukaenda kumtafuta kaka yako. Ukavua mtandio wako ukamfunga kiunoni juu ya kikoi kilicholowa, ukamshika mkono. Akakuapisha usiseme. Mlipofika Pemba ukaanza kusimulia habari za nyangumi, wazee wakamgeukia yeye: Sefu, ni kweli? Akaona akisema ndiyo ataulizwa alikuwa wapi, na nani aliyempa mtandio. Akasema hapana. "Akanitazama tu," Mjomba akasema. "Ngoja nikwambie, miaka hamsini na kitu, nilikuwa nangoja aseme. Kila nikimcheka nilikuwa nangoja aseme."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kumbe ndio huo mtandio, Mama. Uliitwa mwongo na ukoo mzima, na neno moja tu lingekutosha kuwanyamazisha, ukalimeza. Ukamwachia kaka yako uso wake. Kitu pekee ulichojipa ni kumwuliza kwa upole, mbele ya chai, kama anasikia baridi.

Sikujua nicheke au nimkemee. Nilimtazama, mzee wa watu, machozi yamekwama kwenye ndevu, vidole vya miguu vimekunjana ndani ya soksi. Nikavua mtandio wangu.

"Mjomba," nikasema, "nikupe mtandio?"

Alicheka, Mama. Alicheka na kulia kwa pamoja mpaka akakaa chini. Nilimfunga shingoni na hakuuvua mpaka Digbeth.

Sasa sikia yanayotokea huku. Mjomba amekuwa wewe. Kila Jumamosi anapanda basi kutoka Stechford anakuja kwa yule kinyozi wa Ladypool Road, wanapokaa wazee wa kwetu, na anasimulia nyangumi wote wawili. Anaanza na wa Pemba. Hafichi kitu, pipa, kikoi, mtandio, vyote. Anasema deni la dada yake halilipwi kwa kunong'ona. Na unajua wanamjibu nini? Wanamwambia nyangumi hanuki, Mzee Sefu, acha kutuchezea. Yule mzee wa Makunduchi alimwambia njia ya mwongo fupi. Mjomba akamwambia kama ni fupi, mbona dada yangu alitembea miaka hamsini asifike mwisho wake. Alirudi kwangu amenuna kabisa. Nilimpa chai, nikaingia jikoni nikacheka na nailoni yako.

Msemo wetu nao umegeuka. Juzi nilimwuliza Salma kama kweli amepiga mswaki, akaniambia, "Ya nyangumi, Mama," maana yake naapa. Nimekwenda nikanusa mdomo wake, na alikuwa amepiga.

Nakuaga sasa, Mama, jua linashuka na Salma anaulizia chakula. Nakuahidi mambo mawili. Msimu wa karafuu nitampeleka Salma Pemba kwa meli, mchana, na nitamsimamisha kwenye vyuma upande ule ule, akiwa na mtandio begani kama tahadhari. Na hadithi yako nitaisimulia mimi, Idi kwa Idi, wageni wakiwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, nikianzia kwenye shombo, kidole juu, na anayetaka kucheka acheke.

Radhi sikukuomba ulipokuwa mbele yangu. Naiomba sasa, na najua wewe si mtu wa kumnyima mtu. Ila nataka ujue jambo moja, kwa sababu wengine wote watakwambia waliamini walipomwona. Mimi nilikuwa nimeinama, nimempa mgongo, sijaona hata tone la maji. Nilikuwa nimeshakuamini kabla sijageuka.

Mwanao,
Rukia